Kabugho Aliyezaliwa Behewani

Kabugho amejaza fomu nyingi maishani mwake, na kila fomu imemletea ubishi mahali pale pale: panapoulizwa alikozaliwa. Mwaka watu walipoandikishwa kwa ajili ya vitambulisho vya taifa, alipanga foleni mjini Kasese tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika akamwambia karani ukweli.

"Nilizaliwa kwenye treni."

Karani akainua macho. "Treni si kijiji, mama. Nitajie kijiji."

"Hakukuwa na kijiji. Ilikuwa porini, kati ya Kamwenge na hapa."

"Basi nipe hata tarafa."

"Namba ya behewa ninayo, kama itakusaidia."

Karani akaandika Bulembia, kwa kuwa ndiko baba yake Kabugho alikokuwa akiishi wakati huo, akamwita mtu wa nyuma. Kabugho akaondoka na kitambulisho chenye uongo mdogo, na jambo hilo lilimsumbua kuliko alivyotaka watu wajue.

Habari yenyewe aliipata kwa mama yake, Eseri, ambaye ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba wajukuu huisema pamoja naye. Mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na moja Eseri alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ana mimba ya kwanza. Alikuwa amekwenda Kamwenge kumwona shangazi yake, na sasa alikuwa akirudi kwa mumewe, mchimbaji wa shaba huko Kilembe. Treni aliyopanda ilikuwa ya mchanganyiko, mizigo mingi mbele na abiria wachache nyuma, na mwisho kabisa wa mkia lilikuwapo behewa la gadi. Hilo ndilo behewa alimokaa gadi, mtu wa kuangalia usalama wa treni yote. Ndani yake mlikuwa na benchi refu, jiko dogo la chuma, dirisha la kuchungulia mbele, na gurudumu la breki, kubwa kama usukani wa lori. Dereva alivuta treni, lakini gadi ndiye aliyeweza kuizuia kutoka nyuma.

Uchungu ukamshika Eseri kabla ya wakati wake. Watu wakapiga kelele kumwita gadi. Akaja kijana mrefu mwenye kofia, akamtazama, akarudi mbio behewani kwake akafunga breki. Treni ikasimama katikati ya matete. Eseri akabebwa hadi kwenye benchi la gadi, na saa tano asubuhi Kabugho akalia kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na kitambaa kingine safi, kwa hiyo mtoto akafungwa katika bendera ya kijani ya gadi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Dereva hakuruhusiwa kuondoa treni mpaka aione bendera ya kijani, na bendera ya kijani ilikuwa na mtoto ndani. Iliyobaki ilikuwa nyekundu. Gadi akalazimika kutembea urefu wa mabehewa kumi na saba, ndani ya matete, ili amwambie dereva kwa mdomo kwamba wanaweza kwenda. Treni ilifika Kasese imechelewa dakika hamsini, na katika daftari la safari gadi akaandika sababu: "Abiria mmoja ameongezeka njiani."

Aliwapa wazazi karatasi yenye jina lake, Yowasi Syahuka, na namba ya behewa, 2164. Padri aliyembatiza mtoto hakupenda kuandika jambo lisilo kweli. Katika cheti cha ubatizo, mahali pa kuzaliwa, akaandika hivyo hivyo: behewa la gadi namba 2164.

Mgodi ulipodorora, familia ilihamia Kitswamba kulima maharage na pamba. Kabugho hakuwa na mkono wa jembe. Alipenda herufi. Akiwa na miaka kumi na saba alikwenda Bwera, akamwomba fundi mmoja mzee wa kuchora vibao amfundishe. Mikono ya fundi ilikuwa imeanza kutetemeka, akamchukua kwa furaha, yeye akichora mapambo na Kabugho akipiga mistari iliyonyooka. Fundi alipofariki, Kabugho alirithi brashi zake. Leo ukitoka Kasese mjini hadi mpakani Bwera, duka la dawa, saluni, kanisa, kinyozi, hata kile kibao cha kuonya watu wasikojoe ukutani, vingi vimepita mkononi mwake. Aliolewa na Nobert, dereva wa lori la saruji, wakapata watoto wanne. Wa kwanza ni Night, ndiyo maana watu wengi humwita Mama Night.

Treni zenyewe zilipungua, kisha zikakoma. Katika uwanja wa stesheni ya Kasese, kwenye njia ya pembeni, yalibaki mabehewa manne ya gadi yamemezwa na majani. Kabugho alipita hapo mara nyingi na ngazi yake begani. Alijua kwamba pengine moja kati ya hayo lilikuwa lake, lakini kutu ilikuwa imekula namba zote, na hakuwahi kusimama.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, alipita akaona kila behewa limechorwa alama ya msalaba kwa chaki nyeupe. Akamuuliza Wahab, askari wa zamani aliyekuwa akilinda uwanja ule.

"Hizo zinakatwa," Wahab akasema. "Wanakuja na gesi tarehe kumi na tano mwezi ujao. Chuma chakavu."

"Zote?"

"Zote. Hata reli za hapa zinang'olewa. Wanataka mahali pa kupaki malori."

Kabugho akaweka ngazi chini. Aliniambia baadaye kwamba hakulia wala hakukasirika, alijisikia tu kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba ya kwao inabomolewa naye hajaoga. Siku iliyofuata alivaa gauni la kanisani, akatia cheti cha ubatizo katika mfuko wa nailoni, akamfuata ofisa wa reli aliyekuja kuhesabu vyuma. Jina lake Tonny, kijana wa Kampala mwenye viatu vilivyokuwa vinamwuma.

Tonny alikisoma cheti mara mbili. "Mama, nimefanya kazi reli miaka minane. Sijawahi kuona kitu hiki."

"Basi usikikate."

"Nikate kipi, nisikate kipi? Yako manne na hayana namba. Nikimwandikia mkubwa wangu kwamba kuna mama amezaliwa katika moja kati ya haya, atauliza lipi."

"Nipe mpaka jioni," Kabugho akasema.

Mchora vibao anajua jambo ambalo mtu wa chuma halijui: rangi ya zamani haiondoki yote. Palipoandikwa herufi, hata chuma hubaki na kivuli chake. Kabugho alifyeka majani, akasugua ubavu wa kila behewa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kisha akasimama kando jua lilipolala ubavuni. La kwanza lilikuwa 2091. La pili halikutoa kitu. La tatu, chini ya dirisha, ilijitokeza mbili, halafu moja, halafu sita ambayo tumbo lake lilikuwa limejaa kutu, halafu nne. Akaipitia kwa chaki ili isipotee, akamwita Tonny. Tonny akatoa simu akapiga picha cheti na behewa pamoja.

Jibu la mkubwa wake lilikuja baada ya siku tisa, mstari mmoja na nusu. Behewa namba 2164 linaweza kuhifadhiwa, mradi liondolewe njia ya pembeni na kufikishwa katika banda la zamani la mizigo kabla ya tarehe kumi na tano. Shirika halina mtambo wa kulivuta.

Kutoka pale hadi bandani ni hatua mia na arobaini. Reli bado zilikuwapo, na zilishuka kidogo kuelekea bandani. Kabugho akasema mia na arobaini si mbali.

Kazi ikaanza kwa nyuki. Walikuwa wamejenga juu ya jiko la gadi, na Wahab, ambaye amepigana vita viwili, alikataa katakata kuingia.

"Afande, unaogopa nyuki?" Kabugho akamuuliza.

"Naogopa. Sitadanganya."

Mfugaji mmoja kutoka Kitswamba akawahamisha kwa moshi, akaondoka na ndoo ya asali na kumwachia Wahab sahani moja. Kisha Kabugho akapanda gari hadi Bwera kumtafuta Sosthène, seremala aliyetoka Butembo na kufungua karakana karibu na soko la mpakani. Sakafu ya behewa ilikuwa imeoza upande mmoja na mlango ulikuwa hauna bawaba. Sosthène alikuja siku moja kutazama tu. Akapiga ukuta wa ndani kwa kifundo cha kidole, akanusa mbao, akaangalia viungo.

"Mama, hii mbao iko mvule ya zamani. Haiozi bure. Ni maji ya juu ndio iliiharibisha." Akaendelea kupapasa. "Mutu aliyefanya hii kazi alikuwa fundi kweli. Angalia, hakuna hata mushumari hapa, ameingiza mbao ndani ya mbao. Bon. Sitakubali mutu mwingine aiguse."

Alikaa wiki mbili. Alilala kwa Wahab, akapiga randa, akapiga msasa, akaimba nyimbo za kwaya kwa sauti nene. Alibadilisha sakafu, akatengeneza benchi, akalisugua gurudumu la breki mpaka likang'aa kama sufuria mpya. Nobert alileta oili chafu ya lori lake, na kila asubuhi kabla ya safari akaimimina kwenye ekseli za behewa ili magurudumu yalainike. Kabugho mwenyewe hakugusa brashi. Alisema huwezi kumvalisha mtu nguo mpya kabla hajaamka.

Katikati ya kazi hiyo akapata wazo lingine. Akaenda redioni, akaomba tangazo lisomwe: anayemfahamu Yowasi Syahuka, aliyekuwa gadi wa treni, amwambie kwamba behewa namba 2164 linamtafuta. Likasomwa siku tatu. Hakuna aliyepiga simu.

Tarehe nane, siku ya Jumamosi, watu wakakusanyika kusukuma. Walikuja wachukuzi wa sokoni, waendesha boda, vijana wa kwaya, na wanawake wa kikundi cha Kitswamba na pipa la uji. Eseri aliletwa akakalishwa kwenye kiti kivulini. Wanaume arobaini wakaegemeza mabega. Wahab, mwenye sauti ya jeshini, akatoa amri.

"Sukuma!"

Behewa halikusogea hata upana wa ukucha. Wakapumzika, wakanywa uji, wakajaribu tena. Wakafunga kamba mbele, ishirini wakivuta na ishirini wakisukuma, na kamba ikakatika, ishirini wakakaa chini kwa pamoja. Watoto wakacheka mpaka wakafukuzwa. Sosthène alikagua magurudumu, akatikisa kichwa. Oili ilikuwa imeingia vizuri na yeye hakuona kinachozuia. Kufikia saa sita baadhi ya watu walikuwa wameanza kuaga kwa heshima, na Kabugho alikuwa amekaa juu ya reli ameshika tama.

Ndipo ikaja boda kutoka upande wa Katwe, imembeba mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti zito la bluu wakati wa joto lile. Alishuka polepole. Hakumsalimu mtu. Alizunguka behewa lote mara moja, akiligusa hapa na pale, kisha akawageukia wale wanaume arobaini.

"Nani amefungua breki?"

Wote wakamtazama Sosthène, na Sosthène akalitazama lile gurudumu lake linalong'aa.

"Muzee, mimi nilisugua tu," akasema. "Sikujua kama ni ya kuzungusha."

"Mtu wa mwisho aliyeliegesha alilifunga breki, kama inavyotakiwa," mzee akasema. "Mmekuwa mkisukuma mlima."

Huyo alikuwa Syahuka. Tangazo alilisikia akiwa Kabatoro, huko huko Katwe, anakoishi, ila hakupiga simu kwa sababu, alieleza, mtu akiitwa kazini haendi kwa simu. Akapanda behewani, akashika gurudumu. Lilikuwa limekazwa na kutu ya ndani. Akaagiza mtalimbo na watu watatu, wasizidi. Chuma kikalia kwa uchungu, kikanyamaza, kikalia tena, halafu gurudumu likazunguka robo, likazunguka nusu, na Syahuka akawaambia wale watatu washuke, akaendelea peke yake kwa mikono miwili.

"Sasa sukumeni kidogo," akasema kutoka dirishani. "Nimesema kidogo."

Lakini wanaume arobaini waliokuwa wakishindwa tangu asubuhi hawajui kidogo. Behewa likatoka kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini. Watu wakashangilia, kisha wakaona linawaacha, wakaanza kukimbia nyuma yake. Kabugho alikimbia pia, ana miaka hamsini na mbili, kanga imemfunguka. Banda lilikuwa linakaribia, na nyuma ya banda kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta duka la mbolea. Kupitia mlango wazi alimwona mzee Syahuka amesimama wima, uso umetulia kabisa, anazungusha breki bila haraka kama mtu anayesokota kamba. Magurudumu yakaanza kuguna. Behewa likaingia bandani, likapunguza mwendo, likasimama hatua nne kutoka ukutani.

Walipomfikia alikuwa ameketi kwenye benchi, anapumua kwa nguvu na anatabasamu kwa mara ya kwanza.

Kabugho alipiga magoti kumsalimu. "Baba, mimi ndiye yule mtoto."

"Nimejua," Syahuka akasema. "Simama, nina jambo la kukuambia, na mama yako alisikie."

Wakampeleka kwa Eseri, wakapewa chai. Mzee alikishika kikombe bila kunywa.

"Nimesikia mnavyosimulia," akasema. "Hata Kabatoro habari inafika, kwamba gadi alizalisha mtoto. Si kweli. Mimi nilifunga breki, nikawasha jiko, nikachemsha maji. Halafu niliona damu, nikatoka nje nikatapika kwenye matete. Aliyekuzalisha ni msichana mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kuuza chumvi Kamwenge. Alitandika magunia yake, akafanya kila kitu. Mimi nilitoa bendera tu."

Kabugho akamgeukia mama yake. Eseri alikuwa akikoroga chai yake taratibu.

"Mama, ulijua?"

"Sasa mimi nisijue? Si nilikuwapo?" Eseri akasema. "Wanawake wanaozalisha wenzao ni wengi, mwanangu. Lakini nani amewahi kusimamishiwa treni? Nikasimulia kile ambacho watu wangekisikiliza." Kisha akamtazama mzee. "Yule msichana, ulipata kujua alikwenda wapi?"

Syahuka akanywa chai mwishowe. "Hakwenda mbali. Nilimrudishia magunia yake wiki iliyofuata, yamefuliwa. Wiki nyingine nikaenda kuuliza kama yalikauka vizuri. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa. Anaitwa Musoki. Asubuhi hii ameniambia nisiinue kitu kizito."

Jumapili baada ya ibada Nobert aliwapakia wote kwenye lori la saruji, Eseri akiwa mbele, hadi Kabatoro. Musoki aliwapokea mlangoni, mama mfupi mwenye mabega mapana, mikono imekauka kwa miaka ya chumvi. Hakungoja kutambulishwa. Alimshika Kabugho kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Ndicho chenyewe," akasema. "Kilinitesa hiki."

Kabugho, ambaye hakulia siku ya chaki wala siku ya behewa kutembea, alilia hapo mpaka Musoki akamletea kanga ya kujifutia.

Behewa sasa liko bandani. Kabugho aliligombania rangi na Syahuka kwa mwezi mzima: yeye alisema ilikuwa nyekundu iliyoiva kwa sababu ndiyo aliyoikuta chini ya kutu, mzee akasema hiyo ilikuwa rangi ya kwanza tu na katika siku zake lilikuwa la kijivu. Wakakubaliana upande mmoja uwe hivi na mwingine hivi, na wanafunzi wanaoletwa na walimu wao hudhani ni mabehewa mawili mpaka wazunguke. Namba 2164 Kabugho aliiandika kwa mkono, siku tatu, bila kupima kwa uzi. Tonny alikuja kulifungua rasmi, na safari hii alivaa kandambili. Wahab amepewa ufunguo. Kila Alhamisi Syahuka hupanda boda kuja kuangalia kama kuna vumbi juu ya jiko, na vumbi huwapo, na Wahab huambiwa.

Eseri, ambaye kwa miaka kumi alisema magoti yake hayamruhusu kuvuka hata barabara, siku hizi hukaa Kabatoro wiki nzima kila mwezi. Yeye na Musoki hukaa nje ya nyumba, wanachambua mchele na watu. Kabugho akipiga simu kuuliza anarudi lini, husikia kicheko cha wanawake wawili, kisha simu inakatwa.